Mtu wa Udongo wa Thoan

Thoan si mtu wa kulialia. Mashamba yake ya vitunguu saumu hapa kisiwani Lý Sơn huyalima peke yake, maana mumewe, Bính, huvua Hoàng Sa, kwenye visiwa ambavyo China inasema ni vyake na Vietnam inasema ni vyetu. Wakubwa wanabishania ramani. Wanaokwenda huko ni kina Bính.

Safari moja mashua yake iligongwa na meli ya chuma. Wenzake waliookolewa walisema walimwona akizama. Mabalozi wakaandikiana barua kali, kisha kimya. Kwetu, aliyepotelea baharini huzikwa hata bila mwili: fundi humfinyanga kwa udongo, humwekea mifupa ya vijiti vya mforosadi, kisha huiita roho ije ikae humo. Bila hivyo hutangatanga kwenye baridi.

Thoan alikataa. Alisema kumzika mtu aliye hai ni kumfungia mlango. Mama mkwe hakumgombeza. Alishinda naye jikoni akilia kwamba mwanawe anapigwa na baridi. Hapo Thoan akashindwa. Alimvisha mtu wa udongo shati la Bính, akamzika bila kutoa chozi, na watu, jamani, walimsema.

Mvua zilipokwisha, Bính akashuka gatini, amekonda, mzima. Kumbe wenye meli ile walimwopoa, wakamfungia. Thoan alimshika uso, akalia kilio chote alichokibana, kisha akachukua jembe akabomoe kaburi.

"Liache, mke wangu," Bính akasema.

"Nikuache umezikwa?"

"Mwezi ujao narudi kulekule. Samaki wetu wako kule, niende wapi? Ukilibomoa, utakuja kumpigia magoti fundi upya."

Thoan alimwambia mbele za watu kwamba ana roho mbaya. Lakini jembe alilirudisha.

Tangu hapo, kila mwisho wa mwaka tunaposafisha makaburi, Thoan hung'oa majani kwenye kaburi la mumewe, na mumewe ndiye humchotea maji. Bính akizidisha maneno, Thoan humwambia marehemu anyamaze.

Mwaka huu maji amejichotea mwenyewe. Bính yuko Hoàng Sa, na redio ya mashua haijibu tangu mwezi uliopita. Juzi mama mkwe alimwuliza kwa sauti ya chini kama fundi aitwe.

"Wa nini, mama?" Thoan akasema. "Kazi yake alishaimaliza."