Samaki Wasio na Midomo

Harufu ya jiwe la sabuni lililolowa maji siipendi hadi leo. Wageni wanaopita kijijini kwetu Tabaka kununua vibakuli na vifaru vya kuweka sebuleni huisifu, wanasema inanukia kama mvua. Kwangu mimi ni harufu ya banda la baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, ambako mama yangu aliketi juu ya gunia tangu asubuhi, karai la maji mbele yake, akisugua kwa msasa sanamu zilizochongwa na wanaume. Ndivyo kazi ilivyogawanywa kwetu. Mwanamume huchonga, mwanamke na watoto husugua. Sifa humwendea mwenye patasi, na mwenye msasa hupata vumbi kifuani na vidole vilivyolika hata hawezi kumenya ndizi bila kuumia. Likizo ile ya Agosti nilikuwa darasa la sita, nami nilisugua kando yake.

Msimu huo ilikuja oda kutoka pwani. Hoteli moja ya wavuvi wa starehe, watu wanaolipa ili wapelekwe bahari kuu kupimana nguvu na samaki mkubwa kuliko wao, ilitaka sanamu arobaini za samaki huyo ziwe tuzo za mashindano yao. Walituma picha moja tu. Mzungu mwenye kofia alisimama akitabasamu kando ya samaki aliyening'inizwa mkia juu, kichwa chini, na kichwani kilichomoza kitu kirefu chembamba kilichokaribia kugusa sakafu. Sisi ni watu wa milimani, wa chai na migomba. Samaki tuliyemjua ni yule wa kukaangwa sokoni. Baba mkubwa aliigeuzageuza ile picha, akaamua kwamba kile kirefu ni mkuki uliomuua. "Samaki mkubwa hivi utamuua na nini kama si mkuki?" aliwauliza wachongaji, nao wakacheka kukubali. Na kwa kuwa mkuki si sehemu ya samaki, akaamuru uachwe.

Mama alizaliwa kando ya ziwa, nje ya kaunti yetu, na samaki aliwajua kama sisi tunavyojua majani chai. Aliinuka, mikono myeupe kwa vumbi, akaitazama picha. "Shemeji, hapo hakuna jeraha," alisema kwa Ekegusii, lugha yetu aliyojifunza alipoolewa. "Huo ni mdomo wake. Tazama taya linapoanzia." Baba mkubwa hakumtupia hata jicho. "Wewe sugua," alisema. Nilimchukia siku hiyo, lakini ilikuwa chuki ndogo, ya kitoto.

Tukasugua samaki arobaini wenye nyuso butu kama mwiko. Wiki ya mwisho ya likizo mjumbe wa hoteli akafika, kijana nadhifu wa pwani, akamshika wa kwanza, akamgeuza, akamshika wa pili. "Mzee wangu, mbona hawa nduwaro hawana midomo?" Ndipo niliposikia jina la samaki yule kwa mara ya kwanza. Wachongaji wakatazama chini. Baba mkubwa alikohoa, akamnyooshea mama kidole. "Ni huyu mama alivunja. Yeye anasugua na nguvu, hasikiangi mtu."

Kijana alimgeukia mama. "Mama, ni kweli umeivunja wewe?" Mama hakujua Kiswahili zaidi ya kile cha kupatana bei. Kwetu Kiswahili ni cha shule na cha wageni, na mwanafunzi pale bandani nilikuwa mimi. Nikamweleza alichoulizwa. Akanijibu polepole ili nisikose neno. "Mwambie niliwaonya. Mwambie nilisema ni mdomo, wakakataa."

Mkono wa baba mkubwa ulikuwa begani mwangu, mzito, umetulia. Ndiye aliyetulisha tangu baba afariki, na nyumba tuliyolala ilikuwa katika boma lake. Nikafungua kinywa, na Kiswahili changu, kile kile kilichoniletea zawadi shuleni, kikatoka sanifu kabisa: "Anasema ilimvunjikia mikononi. Anaomba radhi." Mama alikuwa akinitazama. Akaitikia kwa kichwa, mara mbili. Aliamini nimesema alichonituma.

Mnyonge hana haki, na mnyonge wangu nilimnyima mimi. Kijana aliipeleka oda yake banda jingine. Jioni hiyo baba mkubwa akamwambia mama arudi kwao, kwa kuwa ameliaibisha boma. Watoto ni wa ukoo, kwa hiyo nilibaki. Aliondoka asubuhi na kikapu kimoja, nami nikaitwa bandani kusugua.

Leo mimi ni mwalimu wa Kiswahili huko Nyansiongo. Baba mkubwa yu hai, ni mzee wa kanisa, anachonga nduwaro wenye midomo mirefu kama sindano za kufumia, na watu humwita fundi wa samaki. Tukikutana siku ya Sabato hunipa mkono, nami namchukia waziwazi, na sasa si chuki ya kitoto. Mimi mwenyewe sijisamehe pia. Waliosema njia ya mwongo ni fupi hawakupita hii yangu.

Mwaka jana walimu tulipelekwa pwani kwa semina. Kwenye gati la hoteli jirani nilimwona nduwaro akivutwa juu kwa mkia, wenye ndoana wakipangana kupigwa picha. Nilisogea nikaugusa mdomo wake. Ulikwaruza kama msasa. Niliupiga picha kwa simu, na Desemba nikaipeleka ziwani kwa mama.

Macho yake yamefifia. Aliisogeza simu hadi karibu na pua, akaitazama muda mrefu. "Si nilisema ni mdomo?" akasema, akacheka kidogo. Kisha akanishika mkono kwa vidole vyake vile vilivyolika. "Usiumie, mwanangu. Wewe ulimwambia yule kijana vizuri, nilikuona. Ni yeye tu hakutaka kuamini."

Nikaitikia kwa kichwa, mara mbili.