Pumzi ya Upande wa Pili

Mkunga alikuwa akipanga nguo za marehemu mumewe kitandani, mashati huku, suruali kule, aliposikia hodi. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri, mwezi wa pili tangu wamzike. Akaenda kufungua mlango akiwa bado ameshika soksi moja mkononi.

Walikuwa wawili, watu aliowajua zaidi kwa viatu kuliko kwa maneno. Mmoja ni Kinyozi, mzee mrefu ambaye kichwa chake mwenyewe hakikubakiwa na unywele hata mmoja wa kunyoa. Wa pili ni Mwalimu, mama mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine ikining'inia shingoni, aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu. Kwa miaka ishirini na sita hawa wawili walikuwa wakija katika nyumba ile kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, wakae na mumewe, Fundi Saa, wasikilize wimbo mmoja.

"Shemeji," Kinyozi akaanza, kisha akamgeukia Mwalimu.

"Wifi, tumekuja," Mwalimu akamsaidia. Alimwita wifi kwa kuwa marehemu alikuwa kaka yake, si wa damu, wa santuri. "Lakini ukisema turudi, tunarudi. Tulikuwa tunapita tu."

"Mnapita mkienda wapi? Njia hii inaishia kwangu."

Wakatazama chini kama wanafunzi waliochelewa. Mkunga akawahurumia.

"Karibuni ndani. Vueni viatu, nimetoka kupiga deki."

Wimbo wenyewe uliitwa "Ngazi ya Moshi". Ulitolewa miaka ya sitini na bendi ya vijana wanne wa nchi ya mbali, bendi ambayo haikufikisha hata miaka miwili. Uliwekwa upande wa pili wa santuri ndogo. Upande wa kwanza ulikuwa na wimbo wa mapenzi, ukachezwa redioni siku mbili tatu, ukasahaulika. Huu wa pili haukupata hata bahati ya kusahaulika, maana hakuna aliyeusikia. Ilikuwa roki ya zile siku ambazo vijana walitaka muziki ufanane na ndoto: gitaa lililorekodiwa kisha mkanda ukachezwa kinyumenyume, kinanda chenye mwangwi kana kwamba kimetumbukizwa kwenye tangi la maji, ngoma zinazokwenda mbali na kurudi. Kuanzia dakika ya tatu inaingia sauti ya mwanamke, haisemi neno, inapanda tu. Kwenye jalada yameandikwa majina ya wanaume wanne. Huyo mwanamke ni nani, hakuna aliyejua.

Duniani kote wapo watu mia mbili hivi wanaoupenda wimbo huo kufa na kupona. Wana ukumbi wao mtandaoni, wanaandikiana, wanabishana, wananuniana. Fundi Saa aliipata santuri yake ndani ya sanduku la vipuri alilonunua mnadani, imelala chini ya magurudumu ya saa za ukutani. Akaipiga kwa udadisi tu, na tangu siku hiyo akawa mtu wa "Ngazi ya Moshi". Kinyozi aliusikia dukani kwa Fundi alipopeleka saa, akasahau kuondoka na saa. Mwalimu yeye alikuja kulalamika kuhusu kelele.

Mkunga hakuwahi kuusikiliza mpaka mwisho. Si kwamba hakupata nafasi. Mwaka wa pili tangu santuri iingie nyumbani, alirudi kazini jioni moja akiwa amechoka mpaka kwenye mifupa. Mchana ule wodini kwao, wodi ya wazazi, alikuwa amempoteza mama wa miaka kumi na tisa. Mtoto alipona, mama hakupona, na aliyeshika mkono wake mpaka mwisho alikuwa yeye. Alipofungua mlango akakuta nyumba imejaa magitaa yanayolia kinyumenyume. Alikwenda moja kwa moja akainua sindano kwa mkono wake, ndipo akasema, "Kelele hizi sitaki kuzisikia tena ndani ya nyumba yangu."

Fundi Saa hakuuliza wala hakununa. Alirudisha santuri kwenye jalada lake, akachemsha maji, akaja kumwosha mkewe miguu. Kuanzia hapo aliupiga wimbo ule mkewe akiwa zamu tu. Hata Mkunga alipostaafu, ikifika Jumamosi ile alikuwa anaandaa chai, anaiweka mezani, kisha anatoka uani kufua vitu ambavyo havikuwa vichafu. Hawakulizungumza tena. Ndoa ya muda mrefu ina vyumba vyake ambavyo watu hupita mlangoni bila kugonga.

Sasa wageni walikuwa wamekaa. Viti vilikuwa vitatu, wao walikuwa watatu. Hakukuwa na haja ya kuulizana. Mkunga akakalia cha mumewe.

"Haya, pigeni," akasema.

Hakuna aliyeinuka.

"Sisi hatujawahi kuigusa hiyo mashine," Kinyozi akakiri. "Alikuwa anasema mkono wangu umezoea mkasi, utakata santuri."

"Na mimi aliniambia nina haraka," Mwalimu akasema.

Basi akainuka Mkunga. Kwa mikono iliyokata vitovu vya watoto maelfu akaiweka santuri mahali pake. Alipokuwa ameshika sindano juu ya santuri, akasita.

"Kabla sijaanza, niwaambie kitu. Najua mnanijua kama yule mke aliyepiga marufuku muziki. Nilikosea kusema vile. Nilikuwa nimetoka kwenye msiba."

Kinyozi na Mwalimu wakatazamana.

"Marufuku gani?" Mwalimu akauliza.

"Hakuwaambia?"

"Shemeji, sisi alituambia umesikia watoto wakilia wiki nzima, ukiwa nyumbani masikio yako yapumzike," Kinyozi akasema. "Halafu akasema, siku mke wangu akiusikiliza huu wimbo, nyie wote mtaacha kujifanya wajuzi. Yule ndiye mwenye masikio humu ndani."

Miaka yote alipokuwa anawawekea chai na kutoka, aliamini kule ndani anasemwa. Kumbe mume wake alikuwa amemsitiri, tena kwa sifa. Akashusha sindano taratibu, akarudi kitini, akajifuta uso kwa ile soksi bila kutambua ni soksi.

Wimbo ukaanza. Gitaa, kinanda, ngoma. Kwa kweli hakuupenda. Dakika mbili za mwanzo aliona kama mtu anaburuta kabati juu ya bati. Wenzake walikuwa wamefumba macho, Kinyozi akitikisa goti, Mwalimu akihesabu kwa vidole. Kisha sauti ya mwanamke ikaingia. Mkunga, aliyekuwa ameegemea, akakaa wima.

Sauti ikapanda, ikakatika kidogo, ikavuta hewa, ikapanda tena. Karibu na mwisho, ilipofika juu kabisa, ikatoa mguno mdogo, "hh", kama mtu aliyeshtuliwa, ikaendelea. Santuri ikaisha.

"Ule mguno," Mwalimu akasema, akivua miwani ya machoni na kuvaa ya shingoni, "nimeuandikia kurasa sita. Ni nafsi inapofika kwenye kipago cha mwisho cha ngazi na kukuta hakuna kitu."

"Ni mkanda umekatwa vibaya," Kinyozi akasema. "Miaka ishirini na sita namwambia."

"Rudisheni," Mkunga akasema. Kisha akakumbuka kwamba mwenye kurudisha ni yeye.

Aliurudisha mara tatu. Mara ya tatu aliweka kiganja chake chini ya mbavu zake mwenyewe, akawa anavuta pumzi pamoja na yule mwanamke.

"Huyu dada ana mimba," akasema.

Kinyozi akaacha kutikisa goti.

"Kubwa. Mwezi wa nane, pengine wa tisa. Sikilizeni anavyovuta hewa: inaishia hapa juu, kifuani, haishuki. Haiwezi kushuka, kuna mtu amekaa huko chini. Ndiyo maana anakatika katikati. Siyo kwamba hajui kuimba, anajua sana. Na huo mguno siyo nafsi wala mkanda. Mtoto amempiga teke la mbavu."

Kurasa sita zilikuwa zinateketea mbele ya macho ya Mwalimu.

"Una uhakika, wifi?"

"Nimekaa na wanawake wa hali hiyo miaka thelathini na nne. Wengine walikuwa wanaimba ili wasilie. Ningewasikia hata kupitia ukutani."

Kinyozi akaanza kucheka taratibu, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha hayakuwa ya kucheka tena. "Alituambia," akawa anasema. "Yule mtu alituambia."

Jumatatu Mwalimu akaliandika jambo hilo kwenye ukumbi wa mashabiki, kwa urefu na kwa heshima, akieleza aliyesema ni nani na kazi yake ilikuwa nini. Majibu yakamiminika. Wapo waliosema wameusikiliza upya wakalia. Wapo waliotaka ushahidi. Bwana mmoja aliyejiona ndiye mwenye wimbo aliandika kwamba hayo ndiyo matokeo ya kuruhusu akina bibi kuingia mtandaoni. Mwalimu alimjibu kwa mistari miwili, na bwana yule hakuonekana tena mwezi mzima.

Mkunga aliposomewa hayo aliguna tu. "Waache wabishe, wakichoka watalala. Mimi siwezi kumpima mtu kwenye santuri."

Wiki ya nne, Jumanne asubuhi, Mwalimu akaja mbio, jambo ambalo mwili wake haukuwa umelifanya kwa muda mrefu. Alishindwa hata kubisha hodi. Alisimama uani akihema, simu mkononi.

"Kaa kwanza," Mkunga akamwambia. "Vuta kwa pua. Toa kwa mdomo. Haya, sema."

Kulikuwa na ujumbe kutoka kwa mwanamume wa miaka karibu sitini, dereva wa treni aliyestaafu, katika nchi ileile ya bendi. Hakuwa shabiki. Mpwa wake alimwonyesha maandishi ya Mwalimu kama kichekesho, kwa kuwa mpiga ngoma wa bendi alikuwa mjomba wa huyo dereva. Dereva akamsomea mama yake mezani, wakicheka. Mama hakucheka. Aliweka kijiko chini akasema, "Ni mimi. Na mtoto ni wewe."

Alikuwa dada wa mpiga ngoma. Siku ile alikwenda studio kumpelekea kaka yake koti, akakuta wimbo una pengo ambalo hawajui walijaze na nini. Wakamwambia aimbe chochote. Akaimba mara moja tu, amesimama, mkono mmoja umeshika kiuno. Hakuwa ameolewa. Wazazi wake walisikia, wakasema jina lake lisionekane mahali popote, watu watahesabu miezi. Halikuonekana. Naye hakumwambia mwanawe kwa sababu, alisema, ungeanza vipi?

Mkunga alisikiliza yote akiwa ameinamisha kichwa.

"Mwandikie," akasema mwishowe, "kwamba mama yake ametunza siri vizuri."

Mwalimu akaandika. Kesho yake likarudi ombi: yule mama anataka kuzungumza na mwanamke aliyemsikia.

Wakapanga iwe Jumamosi. Kinyozi alifika amevaa tai, ameshika karatasi yenye maswali kumi na tisa: gitaa lilikuwa la aina gani, kinanda kiliwekwa wapi, ni nani aliyewaza kugeuza mkanda. Mwalimu aliegemeza simu kwenye birika la chai ili wote watatu waonekane, akakaa katikati kama mkalimani. Kioo kizima kikajaa uso wa bibi mwenye nywele nyeupe fupi, na nyuma yake mwanamume mpana akijaribu kujificha asionekane akitabasamu.

Bibi akasema kitu. Mwalimu akatafsiri: "Anauliza ulijuaje. Anasema, hata waliokuwa naye chumbani siku ile hawakusikia."

Mkunga akafikiri kidogo. "Mwambie ni kazi tu. Mwambie mume wangu aliupenda sana huo wimbo, mimi nilichelewa."

Mwalimu akatafsiri. Bibi wa kwenye simu akatikisa kichwa, akasema neno moja, na Mwalimu akachelewa kidogo kulitoa. "Anasema yeye pia alichelewa."

Kinyozi akakohoa, akanyoosha karatasi yake. Lakini Mkunga alikuwa amesogelea simu, amesahau aibu ya wageni, uso wake umeingia ule umakini ambao wodi nzima ilikuwa ikiujua.

"Muulize mtoto alizaliwa na uzito gani."

Jibu likaja pamoja na kicheko, na mwanamume wa nyuma akafunika uso kwa mikono.

"Kilo nne na nusu."

"Eh! Kilo nne na nusu, na alikuwa anaimba! Muulize miguu haikuvimba?"

Miguu ilivimba. Ilivimba hivi na hivi, bibi akaonyesha kwa mikono. Na uchungu ulianza lini? Ulianza akiwa kwenye foleni ya mkate. Nani alimpokea? Mkunga mmoja mkali, Mungu amrehemu, alimkataza kupiga kelele. Mkunga akasikitika kwa niaba ya kazi yake, akaeleza kwamba yeye hakumkataza mtu kupiga kelele hata siku moja, na bibi akasema angelijua hilo angeliomba azalie huku. Mwalimu alitafsiri mpaka koo likakauka, kisha ikafika mahali wale wawili wakaacha kumngoja, wakawa wanaelewana kwa mikono na macho.

Kinyozi alisubiri zamu ya maswali yake kumi na tisa kwa nusu saa. Alipoona wameingia kwenye habari za meno ya kwanza, akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akalegeza tai, akaenda jikoni kuchemsha chai kwenye sufuria, maana birika lilikuwa na kazi.