Karatasi za Karanga

Wakazi wa mtaa walimchagua Bi Shamsa kukagua huduma za VVU katika zahanati yao, kwa kuwa ana subira na si mwepesi wa mdomo. Kwamba mwenyewe anameza dawa za VVU mwaka wa tisa, nje ya chumba cha dawa alijua dada yake tu. Siku zake za dawa alikaa foleni na fomu ya ukaguzi mkononi, watu wakadhani anakagua.

Jumatatu, akitoka sokoni Kariakoo, alinunua karanga kwa Twaha, Mtaa wa Msimbazi. Alipozimaliza akaikunjua karatasi, maana hatupi kitu kabla ya kukisoma. Ulikuwa ukurasa wa daftari la zahanati: majina, namba za kadi, tarehe za dawa. Mstari wa kumi na saba ulikuwa wake.

Akarudi. "Twaha mwanangu, karatasi hizi umezitoa wapi?"

"Kwa mfagizi wa zahanati, mama. Nzito hizo, hazivuji mafuta."

"Nipe zote."

"Halafu karanga nifungie kiganjani?"

Bi Shamsa akafikiri. "Ungefungia kwenye juzuu ya Kurani?"

"Astaghfirullah!"

"Basi humu wamejaa kina Abdu. Jina la Mungu limo."

Twaha akafuta mikono, akavimimina vifurushi vyote kwenye beseni. "Na zisizo na Abdu?"

"Nazo lete. Hazikuja hapa kwa kupenda."

Siku ya kikao cha kamati ya zahanati, mganga mfawidhi alisoma taarifa: utunzaji wa siri, asilimia mia.

"Daftari lenu linafungiwa karanga," akasema Bi Shamsa.

"Mama, madaftari yetu yamo kabatini. Ushahidi uko wapi?"

Mfuko wa karatasi za Twaha ulikuwa miguuni pake. Kuumwaga mezani ni kuwaanika watu wote wale mbele ya wajumbe. Akasema Bismillahi kimoyomoyo, akatoa karatasi moja, akaikunja na kuikunja hadi ukabaki mstari mmoja. Akamsogezea mganga. Ilinukia karanga.

Mwenyekiti, Mzee Severine, akanyoosha shingo. "Ni nani huyo?"

"Ni mimi. Wenzangu hawajanituma niwataje."

Mganga akaikata ile asilimia mia kwa kalamu. Karatasi zilichomwa mchana huohuo, Bi Shamsa amesimama pale mpaka majivu. Kisha, kwa kuwa ilikuwa tarehe yake, akaenda kukaa foleni ya dawa, benchi la mbele, fomu ikiwa mkobani.

Alisubiri saa mbili na nusu. Akaitoa fomu, akauandika muda huo.