Udongo wa Chini ya Mashine

Nyamizi, jirani yangu Msukuma, hakujua kuomba radhi kwa maneno. Kiangazi cha mwaka sabini na saba ng'ombe wa mumewe, Bujiku, walishtuka, mkokoteni ukapinduka, na pipa zima la oili chafu ya kupaka nguzo za zizi dhidi ya mchwa likamwagikia kitalu changu cha mpunga. Mimi ni Mhehe wa Kalenga, mjane, na hapa Rujewa sikuwa na kipande kingine. Kisingeota Desemba, ningerudi kwa kaka yangu Silvester, kula kwa kusimangwa.

Nililia, kisha nikafoka. Nyamizi alisikiliza yote, akaondoka, akarudi na karai la udongo mweusi alioukwangua chini ya injini ya mashine ya kijiji ya kukoboa mpunga, mahali palipodondokewa oili na kuungua kwa joto miaka yote.

"Unaniletea oili juu ya oili?"

"Dada Tekla, mbona pale pembeni majani inaota? Iko kitu ndani inakula hii oili."

Akauchanganya na udongo wangu, samadi na pumba, akalundika. Lundo likapata joto, mkono haukai. Mimi, kwa usafi wangu wa Kalenga, nikachemsha maji ya sabuni nilioshe. Akanipokonya sufuria.

"Kibuyu cha maziwa tunaosha na sabuni? Usipobakiza kidogo chini, ya kesho itaganda na nini?"

Bwana shamba Marcelino, aliyekuwa ametoka masomoni, alipopita nilitegemea atamcheka. Wapi! Alichuchumaa, akamwaga maji juu ya lundo. Yalizama, yakaacha povu. Akasema mle mna vijidudu vinavyostahimili joto na kujitengenezea sabuni ya kuvunja oili ili viile. Ujuzi huo vijidudu huwarithisha watoto wao, na pengine humpa hata jirani asiye wa ukoo. Akatufundisha kuligeuza lundo na kulinyunyizia maji. Mungu ambariki popote alipo.

Aliyegeuza ni Nyamizi, asubuhi baada ya asubuhi, akiimba Kisukuma. Desemba tulitandaza udongo, nikasia. Mpunga ulipochomoza nilipiga magoti kwenye tope nikalia tena, safari hii kwa shukrani.

Silvester alifika kunichukua na lori la mbao kutoka Mafinga, akanikuta nimeinama kitaluni.

"Mizigo iko wapi?"

Nyamizi akanitangulia kujibu. "Mizigo gani, shemeji? Huyu yuko kwao."