Vyumba Alivyovichora Mutabazi

Watu walimwita enjinia, naye alichukia. "Mimi si enjinia, mimi iko arshitekti," alikuwa akisema, huku amenuna kama mtoto aliyenyimwa sukari. Alisomea Bukavu, akarudi Kigali mwaka 1990 kuajiriwa na Mzee Bizimana, tajiri aliyekuwa na maduka matano ya vitambaa na vyombo. Mwenye maduka kuajiri msanifu wake mwenyewe wa majengo! Kwetu mtaa wa Biryogo tulicheka. Duka si rafu na mlango tu? Lakini Mutabazi alichora kila kitu: sufuria zikae wapi, mama mwenye mtoto mgongoni apite wapi, mwizi aonekane kutoka wapi.

Mimi Raihana, binti wa fundi cherehani, kazi yangu ilikuwa kumshikia futi ya kupimia. Alikuwa na sheria moja. Mimi nisome namba kwa sauti, kisha yeye atembee mpaka nilipo, aisome kwa macho yake mwenyewe na kuitamka tena. Ndipo iandikwe. Miaka yote aliniudhi kwa sheria hiyo. Ungedhani sijui kusoma.

Mwaka 1993, mabomu ya mkono yalipozidi kutupwa sokoni, Mzee Bizimana alitaka vyumba vya siri nyuma ya rafu, vya kuficha bidhaa siku ya uporaji. Tukajenga viwili, kimoja katika duka la mtaa wa Gitega na kingine katika lile la Remera. Mutabazi, kwa ugumu wa kichwa chake, akavionyesha kwenye plani, michoro yake ya ujenzi, na kupeleka nakala ofisi ya komini, serikali ya mtaa.

"Muzee, ni siri gani hiyo ya kugongewa muhuri?" nilimuuliza.

"Ukuta kama haiko kwa plani, huo si ukuta," alinijibu.

Nikasonya. Msomi wa vitabu, mjinga wa dunia.

Aprili 1994 mauaji ya Watutsi yakaanza. Tajiri wetu alikuwa ameshakimbilia Bujumbura. Kitambulisho cha Mutabazi kilisema Mhutu. Cha mke wake, Mukeshimana, kilisema Mtutsi. Alimwingiza mke na watoto wao wawili katika chumba cha Gitega. Majirani wanane wakaingia kile cha Remera. Mimi na yeye tulishinda dukani Gitega tukijifanya tunapanga mali, na kila nilipopenyeza maji nyuma ya rafu niliogopa hata kumeza mate.

Siku ya tisa wanamgambo wakaingia mchana kweupe, na nakala ya komini mkononi.

Kiongozi wao alikuwa mtu wa shule. Aliitandaza plani juu ya kaunta, akaweka kidole. "Hapa iko chumba. Iko wapi?"

"Hatukujenga," Mutabazi alisema. "Patro Bizimana alibadilisha mawazo."

"Tutapima. Plani inasema duka ni mita kumi na sentimita arobaini, halafu chumba. Kama duka inafika mita kumi na mbili, mpaka ukuta ya nyuma, basi chumba hakuna. Pima."

Duka lile lilibanwa na mengine pande zote, na nje hapakuwa na njia ya kuzungukia nyuma. Futi ndiyo ingesema. Mutabazi akashika ncha mlangoni, mimi nikaivuta hadi kwenye rafu. Nilihisi namsikia mtoto akivuta kamasi nyuma ya mbao. Labda nilimsikia kweli, labda ni hofu tu. Nikatazama futi. Kumi na arobaini.

"Kumi na mbili!" nikasema.

Kiongozi akaanza kunijia aone mwenyewe. Mutabazi akamzuia kwa kiganja, kwa ile hasira yake ya kazini. "Ngoja, bwana! Kwa kazi yangu mtu wa pili kusoma ni mimi."

Sijui kwa nini yule mtu alisimama. Nadhani alizoea kuheshimu wenye kazi zao. Mutabazi akatembea mpaka nilipo, akainama. Jasho lake lilidondokea futi. Mtu huyu hakuwahi kuongeza hata nusu sentimita tangu nimjue.

"Kumi na mbili," akasema, akaanza kuikunja futi.

Wakaamini. Kiongozi akaichukua plani yake. "Sasa twende Remera."

Mutabazi akanigeukia. "Dada Raihana, njoo tupime," alisema, kwa sauti ile ile ya kila siku ya kazi.

Nilijua ananiomba nini. Remera bila mimi, nani angesoma namba ya uongo? Mdomo wangu ukasema, "Muzee, mguu inaniuma. Siwezi kutembea."

Hakunisihi. Kijana mmoja wa wale wanamgambo akasema yeye anajua namba, atashika futi. Wakatoka pamoja.

Hakurudi. Wala wale wanane hatukuwaona tena.

Mukeshimana na watoto walitoka hai. Jamaa wachache ninaowaeleza hunipoza kwa kusema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Nawaambia wanyamaze. Mguu wangu haukuwa na kitu.

Kila Idi Mukeshimana huniletea kuku, huniita mbele ya watu dada aliyemwokoa. Mimi huyapokea yote mawili, na kumkaribisha ndani. Habari ya mguu sijamwambia.