Uji wa Waliong'olewa Gego

Mama wa uji, pale nje ya kliniki ya meno Bwera, hupoza uji kwa kuumimina kutoka kikombe hiki hadi kile, kisha hujidondoshea tone mkononi kuupima joto. Anayetoka kung'olewa gego haulizwi anataka nini. Leo dereva Badiru, njaa imembana na shavu kama limeficha yai, alinyooshea kidole chakula cha mama mwenyewe, bundu, ule ugali wa muhogo.

"Mama, bundu haitafunwi, inamezwa tu!"

"Kunywa uji."

"Mimi iko mutoto?"

Mama, ambaye hajawahi kumpa mteja sababu, akashusha sauti. "Hata mimi nilipong'olewa nilisema hivyo, nikameza bundu. Kidonda kikafunguka, damu ikaharibu gauni yangu mupya ya gomesi."

Badiru akapokea kikombe kwa mikono miwili.