Darasa Lililosoma Bila Mwalimu

Juzi nilikuwa Songea kwa likizo, nikaenda Ruhuwiko kumchukua mtoto wa kaka yangu shuleni. Nilifika mapema. Darasa lao lilikuwa kimya kabisa, watoto wote wameinamia vitabu. Mwalimu wao, msichana mdogo tu, alinifuata mlangoni akaninong'oneza kwa furaha, "Tulianza kidogo kidogo, dada. Sasa wanasoma kipindi kizima bila hata mmoja kuinua kichwa." Nilimpongeza. Kisha nikaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta kusubiri kengele, na nakwambia kweli, rafiki yangu, zile pongezi zilikuwa za mdomoni tu.

Maana na mimi nilikulia kwenye darasa la namna hiyo.

Nilikuwa darasa la nne, naishi na bibi yangu mzaa mama. Asubuhi za mwezi wa sita Songea unazijua au hujazijua: ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, vidole havikunjiki. Bibi alinipa uji wa mahindi wa moto uliotiwa karanga, nikanywa nimesimama karibu na figa, halafu nikabeba dumu la maji ya kumwagilia maua ya shule na ufagio wa chelewa chini ya kwapa. Tulifagia uwanja mwekundu ule mpaka ukabaki na mistari mizuri, kisha tukaingia darasani tukiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Darasa letu lilikuwa na sifa mbaya. Kelele zetu zilisikika mpaka barabarani. Walimu walikuja na fimbo wakaondoka wamechoka. Ndipo akaletwa mwalimu mgeni, mwanamke kutoka mikoa ya mbali, mrefu, mwenye Kiswahili cha kuvuta maneno ambacho sisi tulikiiga tukienda kuchota maji. Hakuja na fimbo. Alikuja na boksi la vitabu vya hadithi, vilivyochakaa, vingine havina majalada. Akavipanga mezani, akasema, "Kila mtu achague chake. Ukikutana na neno gumu, liruke, utaniuliza baadaye. Usiinuke, usiongee, usiinue kichwa. Tuone tutafika wapi."

Siku ya kwanza hatukufika popote. Mmoja alicheka, mwingine akamfinya jirani, basi. Mwalimu hakukasirika. Alifunga kitabu chake, akachukua chaki, akachora ukutani karibu na mlango mche mdogo wa mboga maboga wenye jani moja. "Hapo ndipo tulipofika leo," akasema. "Kesho tuongeze kidogo." Na kila tulipoongeza, aliongeza jani. Mche ukatambaa ukutani, ukapita ubao, ukaanza kuelekea dirishani. Hutaamini jinsi watoto wale wakorofi walivyoupenda mmea wa chaki. Mtu akikohoa tulimtazama vibaya. Jirani yangu wa dawati, mtoto wa fundi baiskeli, ambaye alikuwa hajui kutulia hata kanisani, alijifunza kusoma midomo imefumba, kidole kikitembea chini ya mstari kama anafuata siafu.

Mimi aliniteua kiranja. Siku hiyo alinipa kitabu kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Hiki nimekuwekea wewe." Nilikipeleka nyumbani nikakisoma nikipepeta mahindi, nikakisoma nikichochea moto, mpaka bibi akanipokonya mwiko. "Utaunguza maharage na hicho kitabu chako," akasema, ila najua alifurahi, kwa sababu jirani alipopita, bibi alimwambia kuwa mimi mjukuu wake sasa ni msomi.

Baada ya muda tuliweza kusoma kipindi kizima, na baadaye viwili. Mwalimu alikuwa akitoka. Tulijua alitoka, lakini tulidhani yuko ofisini anasahihisha madaftari. Alirudi amenawa, mikono inanukia limau, anazungusha macho darasani polepole, halafu anasema neno moja tu: "Vizuri." Kwa neno hilo tungeweza kusoma mpaka jua lizame.

Siku moja niliamka shavu limevimba kwa jino. Bibi alinipeleka hospitali, wakaling'oa. Tulipotoka, nikiwa na pamba mdomoni, bibi akasema tupitie sokoni tununue dagaa, kwani basi la kutoka Mbamba Bay limeshaingia na dagaa wa Nyasa watakuwa bado wazuri. Tulipita kwenye nyanya na maharage, tukafika kwa wauza dagaa. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa kwenye kreti lililopinduliwa, kanga amejifunga juu ya gauni, anapima dagaa kwa kopo na kuita wateja kwa sauti. Ile sauti ya kuvuta maneno.

Nilisimama. Naye akaniona. Hakusema pole, wala hakuuliza shavu lina nini. Aliniuliza hivi:

"Darasa umemwachia nani?"

Nikamwonyesha pamba iliyojaa mdomoni. Akajikumbuka, akatabasamu, akamgeukia bibi. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Kumbe leo hamfundishi?"

"Wanasoma, bibi. Siku hizi wanasoma wenyewe, hawanihitaji kabisa."

Bibi akacheka, akamshukuru kwa kumlea mjukuu wake. Mwalimu akaongeza dagaa juu ya kopo mpaka wakamwagika, akamfungia. Njiani bibi aliusifu ule ukarimu. Mimi nilikuwa natembea nyuma yake nikiunganisha mambo: kutoka kwake kila siku mara tu tukiinama, kurudi kwake karibu na kengele, na lile limau la mikononi. Nilipoweza kuongea nikasema, "Bibi, lakini leo ni siku ya shule."

"Na mwalimu naye anakula," bibi akajibu. Kwake yakaishia hapo. Wale dagaa aliwakaanga na nyanya na pilipili, nyumba ikanukia vizuri. Nilisema jino linauma, nikala ugali mkavu.

Kesho yake mwalimu hakunisemesha neno kuhusu sokoni. Alichora jani jipya, akasema, "Leo tuongeze kidogo," akanitazama kama kawaida. Nami nikainama na kitabu changu, lakini kwa mara ya kwanza nikasikia. Nikasikia kiti kikisukumwa taratibu. Nikasikia ndala zake zikishuka ngazi, zikipita kwenye kokoto, zikiisha upande wa barabarani. Wenzangu wote walikuwa mbali ndani ya hadithi zao. Nilitaka kumgusa jirani yangu, nikaona kidole chake kinavyotembea chini ya mstari, na uso wake ulivyotulia. Nikamwacha.

Ukaja mkutano wa wazazi. Mwalimu mkuu alimsimamisha mbele, akalisifu darasa lake kuliko yote. Mzazi mmoja akauliza siri ni nini. Mwalimu akasema, "Hakuna siri. Mtoto ukimwamini, naye hakuangushi." Watu walipiga makofi, bibi akapiga kuliko wote. Nilikuwa nimeketi chini na viranja wenzangu, na nakumbuka nilivyoikalia mikono yangu ili isije ikapiga pamoja nao.

Mwisho wake ulikuja kabla muhula haujafungwa. Asubuhi ile alikuja amevaa vizuri, ametia mafuta. Mche ulikuwa umebakiza kidogo kufika dirishani. Akasema, "Leo nataka msome kuliko siku zote." Tukainama. Nikasikia kiti, nikasikia ngazi, nikajua anaenda kwenye dagaa wake. Kipindi kikaisha, cha pili kikaisha. Kengele ya mapumziko ikalia, madarasa mengine yakamwagika uwanjani, na sisi hakuna aliyetoka. Jirani yangu alinong'ona bila kuondoa macho kwenye ukurasa, "Mwalimu akirudi atachora mpaka dirishani." Tukaendelea. Nami, pamoja na yote niliyoyajua, nikaendelea. Hata mimi nilitaka akute tumesoma.

Mwalimu mkuu ndiye aliyefungua mlango. "Mbona bado mko ndani?"

"Tunamsubiri mwalimu," tukajibu kwa pamoja.

"Mwalimu wenu ameacha kazi. Ameondoka na basi la asubuhi, kaenda kwenye biashara zake. Hakuwaaga?"

Jirani yangu alinyoosha kidole, kama tulivyofundishwa, akasimama. "Mwalimu, sasa nani atamwambia tumesoma mpaka mapumziko?"

Mwalimu mkuu alimtazama, akatutazama sote, akasema tutoke tukacheze.

Tuliletewa mwalimu mwingine, mwenye fimbo. Vitabu vikarudishwa kwenye boksi, boksi likafungiwa kabatini, na wiki chache zilitosha kelele zetu kusikika tena barabarani. Baadaye kuta zilipakwa chokaa. Siku hizi lile jengo halipo, wamejenga madarasa mapya yenye vioo na sakafu ya vigae. Bibi ametangulia. Jirani yangu yuko Lusewa, analima mahindi na tumbaku. Nilipokutana naye miaka ile ya nyuma alinieleza habari za watoto wake na mvua, na nilipomtajia vitabu alicheka tu, akasema ile ilikuwa michezo ya kitoto.

Watu huniambia nimshukuru mwalimu yule, kwa kuwa kusoma ndiko kulikonifikisha nilipo. Ni kweli, na siwezi kubisha. Nina vitabu vingi nyumbani, vingine vizuri kuliko vyote vya lile boksi. Lakini tangu siku ile ya jino sijawahi kusoma hata ukurasa mmoja bila sikio moja kubaki mlangoni, likisikiliza nani anaondoka.